Msilirudishe Kiwandani

Shikamooni wazee wangu. Assalaam aleikum. Vijana, hamjambo.

Mlipokuwa mkiingia ukumbini mmelipita gari la wazi, rangi ya komamanga, limelala hapo nje mpaka tumbo linakaribia kugusa lami. Wengine mmepiga nalo picha. Nimemsikia mtoto mmoja akimwuliza mama yake, "Mbona limekaa kama lina pancha zote nne?" Mtoto yule ameuliza swali zuri kuliko yote yatakayoulizwa leo, na nusu ya maneno yangu ni jibu lake.

Gari lile ni Chevrolet Corvette ya mwaka 1956. Mwenyewe ni mzee wa miaka themanini na ushei, mtoto wa wahamiaji kutoka Mexico, na nyumba yake iko mtaa wa pili kutoka karakana ninayofanyia kazi. Ameniruhusu nililete hapa na ameniruhusu nilisemee. Jina lake ameomba lisitajwe, nami nalihifadhi.

Mmeniita nizungumze na vijana juu ya kazi za mikono hapa kusini mwa California. Nimeamua kuzungumza juu ya gari lile moja tu, kwa sababu hivi sasa ndani ya familia ya mzee yule kuna mabishano, na katika mabishano hayo mimi nina upande. Wanawe wanataka gari lirudishwe kama lilivyotoka kiwandani. Mimi nasema lisirudishwe. Nimemwambia mzee, nimewaambia wanawe mbele ya chai yao, na leo nawaambia nyinyi, ili mseme kama nimekosea.

Kwanza mnijue. Asili yangu siyo magari. Nimezaliwa Unguja, nikavuka kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, nikaangukia Kunduchi, kwa mjomba wangu aliyekuwa akiunda boti za faiba. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchanganya resini na dawa yake ya kugandisha ndani ya ndoo. Ukizidisha dawa, ndoo inapata moto mkononi, inatoa moshi, na resini inakuwa jiwe kabla hujaipaka popote. Ukipunguza, utalala, utaamka, utakuta boti bado inanata kama asali. Mjomba hakuwa akipima kwa kijiko. Alitazama jua, akagusa kalibu kwa kiganja, kisha akamimina. Kwake nilijifunza kulaza mkeka wa nyuzi za kioo kwenye kalibu, kuulowesha kwa brashi, kupitisha rola mpaka povu lote litoke, kusubiri, kulaza mwingine. Nilijifunza pia kuwashwa. Aliyewahi kupiga msasa faiba bila kujifunika mikono anajua usingizi wa usiku ule ulivyo.

Nilipofika huku nilipata kibarua cha kufagia kwenye karakana ya magari ya zamani. Mafundi wa pale walikuwa hodari wa chuma. Ukiwapa bati lililokunjamana kama karatasi watakurudishia limenyooka, kwa nyundo na moto tu. Siku moja ikaletwa Corvette iliyopasuka madigadi ya kushoto, wakaizunguka, wakaigonga kwa vidole, wakaanza kuulizana nani aipokee. Nikaegemeza ufagio ukutani nikasema, "Hii ni boti." Tangu siku ile sijafagia tena.

Na kweli ni boti, maana bodi yake ni ya faiba. Hata jina lake limetoka baharini, maana *corvette* ni manowari ndogo yenye mbio. General Motors, wenye Chevrolet, waliionyesha kwa mara ya kwanza Januari 1953 katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York. Mkuu wao wa usanifu, Harley Earl, alitaka gari dogo la wazi la watu wawili, la kushindana na yale ambayo askari wa Marekani walikuwa wameyaona Ulaya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kutengeneza kalibu za chuma za kugandamizia bati ni gharama kubwa inayohitaji magari mengi ya kuilipa, na wao hawakuwa na hakika kama watauza mengi. Faiba ikawaokoa. Mwaka ule wa kwanza yalitengenezwa magari 300 tu, huko Flint, Michigan, yote meupe na viti vyekundu.

Niseme ukweli wa fundi: yale ya mwanzo yalikuwa mazuri kwa macho kuliko kwa safari. Hayakuwa na vioo vya milangoni wala vishikio vya nje; ulipitisha mkono ndani ufungue. Injini ilikuwa ya silinda sita, nguvu za farasi 150, na giaboksi ya otomatiki ya gia mbili. Mwaka 1955 zikatengenezwa Corvette 700 tu, huku Ford wakiuza zaidi ya 16,000 za Thunderbird yao. Gari lilikuwa karibu kufa. Likaokolewa na injini ya V8, yaani ya silinda nane, kisha likaja umbo la 1956, hili mlilolipita nje: vioo vya kupanda na kushuka, vishikio vya mlango, mbavu zilizochongwa bonde refu nyuma ya gurudumu la mbele, injini ya lita 4.3, nguvu za farasi 210, au 225 ukilipa zaidi upate kabureta mbili. Mwaka ule zilitengenezwa 3,467. Zote za wazi. Corvette yenye paa lisilotoka haikuwepo mpaka 1963.

Sasa sikilizeni jambo ambalo watu wa magari hulipita haraka, na mtu wa boti hawezi kulipita.

Miaka ile Los Angeles ilikuwa imejaa mafundi wa kubadilisha magari. Waliojulikana zaidi ni ndugu wawili wenye asili ya Ugiriki, George na Sam Barris, wenye karakana yao Lynwood. Kijana alinunua gari la aina ya Mercury la 1949 au 1950, akawapelekea, nao wakakata nguzo za paa wakalishusha, wakang'oa nembo na vishikio, wakazizamisha taa ndani ya bodi, wakaziba kila tundu. Wakiziba kwa nini? Kwa madini ya risasi. Risasi iliyochanganywa na bati jeupe, wakaipasha moto mpaka ikawa laini kama siagi iliyokaa juani, wakaisawazisha kwa kijiti kipana cha mbao, kisha wakaipiga tupa. Ni kazi ya kupendeza kuitazama, na vumbi lake ni sumu. Msiijaribu bila kufundishwa.

Lakini risasi inataka chuma ikishike. Juu ya faiba haishiki, na moto wake utaiunguza faiba. Kwa hiyo kijana mwenye Corvette aliyetaka kulibadilisha gari lake hakuweza kuutegemea utaalamu ule wa risasi uliokuwa umeenea mji mzima. Alihitaji mkono mwingine, mkono wa ndoo, mkeka na brashi. Na aliyekuwa na mkono huo alikuwa huru kuliko wenzake, kwa kuwa faiba haina umbo lake yenyewe. Inachukua umbo la ulicholazia. Unataka pua ndefu, unachonga povu gumu au unafinyanga plasta, unalaza mkeka, unasubiri, unayo pua ndefu. Mercury ya risasi inakuwa nzito kila ukiiongezea. Corvette ukiiongezea faiba karibu haijui.

Tuje hapa San Bernardino.

Mnaona mji huu leo, mnaona majina ya Kihispania kila duka. Zamani palikuwa na bwawa la kuogelea la manispaa ambalo watu wenye asili ya Mexico hawakuruhusiwa kuogelea pamoja na wengine, ingawa kodi walilipa. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1944 jaji akaamuru mji uwafungulie bustani na mabwawa yake. Mzee mwenye gari alikuwa mtoto mdogo siku hizo. Anasema kaka zake walikuwa wakirudi kutoka jeshini na sare, na medali, na bado wanaulizwa barabarani wanakwenda wapi. Katika hali hiyo gari lina maana nyingine. Vijana wa kizungu wa umri uleule walikuwa wakiyanyanyua magari yao nyuma na kuyakimbiza. Hawa wakayashusha, wakayaendesha polepole, madirisha wazi, muziki, nywele zimechanwa. Kwao walikuwa na msemo, *bajito y suavecito*, chini na taratibu. Walikuwa wakisema: mtatuona, na mtatuona kwa muda mrefu.

Mwanzoni waliyashusha kwa njia za kimaskini. Mifuko ya mchanga ndani ya buti. Au walizikata springi. Au walizipasha kwa gesi mpaka zikalegea, jambo ambalo kifundi ni baya sana, maana chuma cha springi ukikipasha kimekufa, hakitarudi. Lakini walikuwa hawana kingine.

Ndipo ikaja sheria. Kuanzia tarehe 1 Januari 1958, kifungu cha 24008 cha sheria ya magari ya California kikakataza kuendesha gari lililobadilishwa hata sehemu yake yoyote, mbali na magurudumu, iwe chini kuliko ukingo wa chini wa ringi. Nimekisoma kifungu hicho mara nyingi. Kwa maneno yake hakikumtaja mtu wala kabila. Kina hata hoja ya usalama: tairi likipasuka, gari hukalia ringi, na lisilokidhi kipimo hicho litaburura tumbo. Lakini sheria ni maandishi, na anayeishika mkononi ni trafiki, na trafiki alijua ni mitaa gani ya kwenda na rula. Mzee alisimamishwa mara tatu katika mwezi mmoja. Mara ya tatu gari halikuwa hata lake, alikuwa amepanda tu.

Katika mji huuhuu palikuwa na kijana aitwaye Ron Aguirre. Alikuwa na Corvette ya 1956, ndugu ya hii. Aliishusha, akaandikiwa faini, akaandikiwa nyingine. Angeweza kuipandisha akaishi kwa amani. Yeye na baba yake wakaingia karakanani wakauliza swali ambalo kila nikilifikiria najisikia fahari kuwa fundi: vipi kama gari lingekuwa chini na juu vilevile, kila moja kwa wakati wake?

Kumbukeni walikuwa wakiishi wapi. Kusini mwa California ndiko zilikoundwa ndege za vita. Lockheed walikuwa Burbank, Douglas Santa Monica, North American Inglewood, na hapa San Bernardino palikuwa na kambi ya jeshi la anga ya Norton. Vita vilipokwisha, maghala yakajaa vyuma vya ndege vikiuzwa kwa bei ya chakavu. Miongoni mwake zilikuwamo pampu na valvu zilizokuwa zikikunja magurudumu ya ndege na kusukuma mabawa yake madogo. Kazi ya pampu hizo ni kusukuma mafuta. Nao wakazichukua.

Vijana, hapa nataka mnisikilize kwa makini, kwa sababu hili litawafaa hata msipogusa Corvette maishani. Mafuta hayabanwi. Hewa ukiiweka kwenye bomba la baiskeli ukaziba kwa kidole, utaibana kidogo, itarudi. Mafuta hayakubali. Ukiyasukuma huku, yatatafuta pa kutokea kule, na yakikutana na pistoni yataisukuma. Pistoni yenye uso wa sentimita za mraba 10, ukiipa shinikizo la kilo 100 kwa kila sentimita ya mraba, itanyanyua kilo 1,000. Corvette nzima ya aina ile ina kama kilo 1,300, na sehemu yake tu ndiyo iko mbele. Kwa hiyo silinda mbili ndogo, moja kila upande, zikikaa pale springi inapobanwa, zinatosha kabisa kuinua pua yake. Mota ya umeme inazungusha pampu, valvu inafunga mafuta yasirudi, gari linabaki juu. Fungua valvu, uzito wa gari wenyewe unayarudisha mafuta kwenye tangi, gari linalala. Mota za ndege zilitaka volti nyingi kuliko zilizomo ndani ya gari, na ndiyo maana mpaka leo ukifungua buti la gari la namna hii utakuta betri zimepangwa kama matofali.

Citroën wa Ufaransa walikuwa wameshatoa mwaka 1955 gari linalokalia mafuta na hewa badala ya springi, na kile kilikuwa kiwanda chenye wahandisi. Aguirre na babaye walikuwa na karakana, chakavu cha ndege, na faini mfukoni. Kabla mwaka 1959 haujaisha Corvette yao ilikuwa ikifanya kazi. Akiwa barabarani iko chini. Akimwona trafiki anageuza swichi. Trafiki anainama kupima, anakuta kipimo kinatosha, anasimama, anafuta magoti.

Mzee ananieleza habari hii akiwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni pa gereji, na kila anapofika hapo kwenye magoti, mkono wake unapapasa hewa kutafuta swichi.

Gari lile likaitwa X-Sonic. Halikuishia kwenye mafuta. Kwa kuwa lilikuwa la faiba, Aguirre alizidi kulibadili umbo maonyesho baada ya maonyesho, pua na mkia, na hatimaye turubai likaondoka kabisa, juu ya watu wawili likawekwa kuba la plastiki linaloona, kama la rubani. Miaka hiyo kuba lilikuwa homa. Ed Roth wa Maywood, naye fundi wa faiba, alitoa gari lake la kuba, Beatnik Bandit, mwaka 1961. Husimuliwa kwamba bamba la plastiki lilipashwa ndani ya tanuri la piza kisha likapulizwa hewa mpaka likavimba. Mimi kuba silipendi. Gari la wazi likiwekwa kuba limefungwa, na jua la bonde hili litakupika ndani yake. Lakini mkono uliolifanya naupa heshima yake.

Mzee aliiona X-Sonic akiwa kijana. Hakuwa na pesa ya Corvette mpya, wala ya kuukuu. Aliipata hii baadaye sana, imegongwa, kutoka kwa mtu aliyekuwa ameichoka. Ndipo kazi ikaanza. Taa za mbele alizizamisha kwa faiba, wewe tazama ukitoka: hakuna ukingo, hakuna skrubu, taa imezama kama jicho ndani ya uso. Vishikio vya milango, vilevile ambavyo kiwanda kilijisifu kuviweka 1956, yeye aliving'oa akaziba. Alirefusha madigadi ya nyuma kwa kiasi cha kiganja kimoja. Binamu yake alimfungia silinda. Mkewe, Mungu amrehemu, ndiye aliyeshona turubai na viti, kwa cherehani ya nyumbani, na mshono wa kiti cha kushoto umepinda kidogo kwa sababu mtoto alikuwa akilia. Mzee anapitisha kidole pale kila anapoingia.

Sasa wanawe. Nataka niwatendee haki, ni watu wema na wanampenda baba yao. Wanasema: Corvette ya 1956 iliyo kamili kama ilivyotoka kiwandani ina wanunuzi wengi. Wanasema injini ni ileile iliyozaliwa nayo, namba zinalingana, na hilo ni jambo kubwa sokoni. Wanasema vipande vya faiba vya umbo la asili vinapatikana vipya, unakata vya zamani unagundisha hivyo. Na wanasema baba yao amezeeka, gari hili likibaki lilivyo, akiondoka hakuna atakayejua nini cha kulifanyia. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyonichoma, kwa sababu ni ya kweli.

Niliwajibu kwanza kwa lugha ya soko, maana ndiyo waliyoanza nayo. Niliwaambia habari ya Mercury ya 1951 ambayo ndugu wale wa Barris walimbadilishia Bob Hirohata, kijana Mmarekani mwenye asili ya Japani. Gari lile baadaye lilichakaa, likauzwa ovyo, akalinunua kijana mwingine kwa dola 500 tu, akakaa nalo maisha yake yote na kulirudisha. Kulirudisha kuwa nini? Kuwa lilivyotoka kwa akina Barris. Hakuna aliyefikiria kuliondolea risasi na kulifanya Mercury ya dukani. Januari 2022 liliuzwa mnadani huko Kissimmee, Florida, kwa zaidi ya dola 1,900,000. Sisemi Corvette ya mzee itafika huko. Nasema wanunuzi wenye macho wameshaanza kujua kwamba kuna kazi mbili ndani ya gari moja, na ya pili ina thamani yake.

Kisha nikaacha soko. Niliwaeleza kuhusu milango ya Mji Mkongwe. Mlango wa Unguja, mnaujua, ni mbao kabla haujawa mlango. Yupo aliyeupasua mti, yupo aliyeuchonga minyororo na mayungiyungi, na pengine baada ya miaka akaja mwingine mwenye nyumba akataka kizingiti cha juu kiwe cha duara kwa mtindo wa Kihindi. Hakuna mtu mwenye akili atakayechukua randa aondoe machongo yale ili aone mbao "ya asili." Asili ya nini? Mbao zilikuwa nyingi. Mlango ule ni mmoja.

Corvette 3,467 zilitoka kiwandani mwaka ule zikifanana. Ya mzee haifanani na yoyote. Mkono wake umo mle, na wa binamu yake, na mshono wa marehemu. Ukikata madigadi yale ya nyuma utapata gari zuri sana la General Motors, nami naweza kulifanya, mikono yangu inaiweza kazi hiyo. Ila nitakuwa nimetumia ufundi alionipa mjomba kufuta ufundi wa mtu mwingine. Sitaki.

Kuna jambo moja zaidi, na hili nililisema kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia, wakanivumilia. Kifungu kile cha 1958 kiliendelea kuwapo. Kikaongezewa vingine: miaka ya 1980 miji ikapewa uwezo wa kukataza watu kuzunguka polepole barabarani na magari yao, na miji mingi ikaweka marufuku. National City, karibu na San Diego, iliweka yake 1992, ikaifuta 2023. Mwezi Oktoba mwaka huohuo gavana wa California akatia saini sheria ya kufuta marufuku zote hizo jimbo zima pamoja na kile kizuizi cha ringi, na ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2024. Miaka 66 kamili. Mzee alikata kipande cha gazeti akakiweka kwenye kisanduku cha dashibodi. Amengoja muda wote huo gari lake liwe halali likiwa chini, na sasa limekuwa halali, ndipo tulipandishe sisi wenyewe?

Kijana wake mkubwa alinyamaza. Wa pili akasema watafikiri. Hapo ndipo tulipo. Mzee mwenyewe hajasema uamuzi wake, na mimi siwezi kuusema kwa niaba yake.

Lile walilosema la kwamba hakutakuwa na wa kulitunza, hilo nimelileta kwenu, na ndiyo sababu ya kweli ya kukubali kwangu kusimama hapa. Jumamosi zote, kuanzia saa tatu asubuhi, mlango wa karakana uko wazi. Nimeshasema na mwenye karakana. Nahitaji vijana wanne, wa kike au wa kiume, sitaki ada. Nitawafundisha faiba kwanza, miezi mitatu, kwenye vipande vya kutupa. Mtawashwa. Mtaharibu ndoo nyingi za resini. Baadaye mtajifunza haidroliki, na hapo nitakuwa mkali, nawaambia mapema. Mnaona kidole hiki? Nilikuwa nimeingiza mkono juu ya tairi, gari limeshikiliwa na mafuta peke yake, bila stendi, kwa sababu nilikuwa na haraka ya dakika mbili. Mpira wa mafuta ukapasuka. Mafuta hayabanwi, lakini yakipata tundu hayangoji. Atakayemwona mwenzake chini ya gari lisilo na stendi, amvute miguu kwanza, maswali baadaye.

Kazi yenyewe ipo pia, msidhani ni mapenzi matupu. Magari haya yanazeeka, na wanaoyajua wanazeeka nayo. Faiba haipati kutu, lakini chasisi iliyo chini yake ni ya chuma na inaliwa. Rangi inapasuka nyufa kama utando wa buibui pale bodi inapocheza. Na mafundi wengi wameziba nyufa hizo kwa puti ya bati, ikakaa mwaka mmoja, ikabanduka. Anayejua kuchimba ufa mpaka kwenye nyuzi, akalaza mkeka, akaacha upoe kwa wakati wake, huyo hatakosa chakula. Wengi wenu hapa mna wajomba walioko Mombasa, Tanga, Kilwa, wanaofanya kazi hii kwenye boti kila siku. Wapigieni simu. Waulizeni wanachanganyaje dawa siku ya joto kali. Mkija Jumamosi, mje na jibu.

Basi. Mzee amefika, yuko nje, amekaa ndani ya gari tayari. Twendeni taratibu, wazee mbele. Yule mtoto aliyeuliza juu ya pancha yuko wapi? Njoo, mwanangu, wewe ndiye utakayegeuza swichi. Amesema anakutaka wewe. Wengine zungukeni upande wa ukuta, acheni nafasi ya hatua tatu, na mtu yeyote asiweke mkono juu ya tairi.